Boma la Newala na Maji ya Bondeni

Wale mliokusanyika katika vikundi vya kusomea, kunjueni ramani zenu mtafute Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Kaskazini ya mto huo mtaona uwanda wa juu wa Makonde. Mtu akitoka pwani huupanda polepole, wala hatambui kuwa anapanda. Lakini upande wa magharibi, hapo Newala, nchi hukatika ghafula. Pana mahali paitwapo Shimo la Mungu; ukisimama ukingoni unaona mabonde yote yametandazwa chini yako kuelekea Ruvuma. Juu ya ukingo huo, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, Wajerumani walijenga boma la kulinda mpaka.

Mgeni akipaona mahali pale husema, "Nani awezaye kuliteka boma hili?" Na kweli, palikwisha kuwa pa kukimbilia hata kabla ya Wajerumani. Mwezi wa Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, walishambulia Masasi, mji wa misheni ulioanzishwa 1876 na Askofu Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Nyumba zilichomwa, na watu wakachukuliwa mateka. Baadhi ya waliosalia walipanda Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao wa pale.

Wamakonde wenyewe walikuwa na habari yao ya kale, ambayo Mjerumani Karl Weule aliiandika alipofika Newala mwaka 1906. Watu wa kwanza, walisimulia wazee, walikaa bondeni karibu na maji, na mtoto wao akazaliwa mfu. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye hakuishi. Walipofika juu kabisa ndipo wakampata mtoto aliye hai. Basi wazee wakausia: jengeni juu, mbali na mto. Wengine hucheka habari kama hizi. Mimi naona zina akili nyingi, kwa maana bondeni ndiko kulikokuwa na homa, tena ndiko njia za wavamizi zilikopita. Ila gharama ya usalama huo waliilipa akina mama, walioshuka mteremko na mitungi na kupanda nayo kichwani, safari ya saa nyingi.

Sasa tuje kwenye vita. Tarehe 9 Machi 1916 Ujerumani ilitangaza vita juu ya Ureno. Mwezi wa Aprili Wareno wakatwaa Kionga, pembe ndogo ya nchi kwenye mdomo wa Ruvuma ambayo Wajerumani waliwanyang'anya mwaka 1894. Mwezi wa Septemba jeshi la Jenerali Ferreira Gil likavuka mto, na tarehe 26 Oktoba likaingia Newala. Kuingia hakukuwa kazi kubwa, maana Wajerumani waliokuwapo walikuwa wachache. Bendera ya Ureno ikapandishwa juu ya ukingo.

Wareno wakataka kuendelea kuelekea Masasi. Tarehe 8 Novemba kikosi chao kiliviziwa njiani, na kiongozi wake, Meja Leopoldo da Silva, akapigwa risasi iliyomwua. Waliobaki wakarudi bomani.

Aliyewafuata alikuwa baharia. Max Looff alikuwa nahodha wa manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake ya sentimita 10.5 iliopolewa majini, ikafungiwa magurudumu na kukokotwa porini kwa mikono ya watu weusi ambao majina yao hayakuandikwa. Mmoja wa mizinga hiyo ulipelekwa Newala.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Mapigano yaliyoamua habari hayakuwa langoni pa boma. Yalikuwa chini, kwenye kijito walikoteka maji. Tarehe 22 Novemba Wareno walikipoteza kijito hicho. Tangu siku hiyo waliokuwa juu walikuwa na kuta, mizinga na risasi, ila hawakuwa na maji ya kunywa. Walivumilia kwa muda wa siku sita hivi. Usiku wa tarehe 28 walitoka kimyakimya wakashuka kuelekea Ruvuma, wakiacha nyuma mizinga minne ya milimani, bunduki nyingi na masanduku ya risasi. Wajerumani walivuka mto nyuma yao.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1917, zamu ilikuwa ya Wajerumani. Jenerali von Lettow-Vorbeck, akifukuzwa na Waingereza, alipita Newala bila kujaribu kulishikilia boma. Aliwaacha wagonjwa, akashuka, na tarehe 25 akavuka Ruvuma huko Ngomano. Nadhani alifahamu vema mkasa wa Wareno.

Vita vilipokwisha, shida ya maji ilibaki. Katika miaka ya 1950 lilikuwapo Shirika la Maji la Makonde, lililosukuma maji kwa mashine kutoka bondeni hadi vijiji vya juu, na baada ya Uhuru Serikali iliongeza mabomba, kwa msaada wa Ufini pia. Hata hivyo mtambo ukiharibika, ndoo hurudi kichwani.

Kazi ya vikundi kwa wiki hii: ninyi mlioko Newala, Tandahimba na Kitangari, waulizeni bibi zenu ni kisima gani walichokitegemea, na njia ya kukiendea ilipita wapi. Ziandikeni njia hizo katika ramani.