Tui ndani ya Pipa: Oili, Maji na Mashine za Nachingwea na Ruangwa

Mashine nzito, nyingi zikiwa mitumba ya Vita Kuu ya Pili, ziliingia Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kwa wingi kupitia mpango wa kulima karanga, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Makatapila ya wakati ule kwa kawaida yalinyanyua bapa kwa kamba za waya. Haidroliki, yaani kufanya kazi kwa nguvu ya oili iliyobanwa, ilienea mashambani kupitia trekta za Ferguson, zilizoanza kuundwa Coventry mwaka 1946, na baadaye Massey Ferguson. Katika trekta hizo oili ileile hutumika kwenye giaboksi na kwenye pampu ya kunyanyulia jembe, hivyo mpira wa mkono wa gia ukichanika, mvua hupenya hadi kwenye pampu.

Adui mkubwa zaidi wa oili kuliko mvua, hata hivyo, alikuwa umbali. Reli ya kutoka Mtwara iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 magari yaliuvuka mto Rufiji kwa kivuko, kwa hiyo mwenye trekta Nachingwea au Ruangwa alihitaji akiba ya oili kwenye mapipa ya kumvusha masika. Pipa linalokaa muda mrefu hupumua: likisimamishwa wima nje, maji hutuama juu ya mfuniko, mchana jua huitanua hewa iliyo ndani na kuitoa, na usiku hewa iliyobaki hunywea, ikayafyonza maji yale kupitia kizibo ambacho kwa macho kimekazwa barabara. Dawa yake ni rahisi mno, nayo hupuuzwa kwa sababu hiyohiyo: pipa hulazwa kivulini, vizibo vyake viwili vikiwa usawa mmoja chini ya kimo cha oili.

Oili iliyoingiwa na maji mengi hubadilika rangi ikawa kama tui, lakini maji machache yaliyoyeyuka hayaonekani, ingawa nayo huleta kutu na kudhoofisha utando unaotenganisha vyuma. Mafundi hudondosha tone la oili kwenye bati la moto, na likitatarika, maji yamo. Ekskaveta za migodi ya leo, hata zile za madini ya kinywe ya Ruangwa, hazikwepi kanuni hii: maji yasiyoyeyuka ni mazito kuliko oili, hutulia chini ya tangi usiku, nayo hutolewa alfajiri kwa kulegeza kizibo cha chini kabla injini haijawashwa na kuyakoroga upya.