Laptopu imekuwa nzito? Angalia haya kabla ya kumpa fundi hela

Unaiwasha, unaenda kuchemsha chai, unarudi bado inazunguka. Ukifungua Chrome na Word kwa pamoja, inaganda. Wengi wenye laptopu za bei nafuu wakifika hapo hukimbilia kwa fundi "kupiga Windows upya". Inakuwa nyepesi kwa muda, halafu inarudi kulekule na hela imeshaenda. Shida ni kwamba hakuna aliyeangalia ni kitu gani hasa kinachoichelewesha.

1. Mtafute mchawi kwanza

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Ingia Performance, kisha fanya kazi zako za kawaida huku ukiangalia asilimia.

- Disk inakaa 100% muda mrefu: diski ndiyo inayokuchelewesha.
- Memory inakaribia kujaa: RAM haitoshi.
- CPU iko juu hata kama hufanyi kitu: kuna programu inayokula nguvu nyuma ya pazia, au hata kirusi. Ingia Processes uone jina lake.

Hapohapo kwenye Disk, angalia kama imeandikwa HDD au SSD. Kumbuka jibu, utalihitaji mbele.

2. Anza na yasiyo na gharama

- Kwenye Task Manager ingia Startup apps, zima programu usizozihitaji pale mashine inapowaka. Hazifutiki, zinasubiri tu uzifungue mwenyewe.
- Baki na antivairasi moja. Windows ina ya kwake tayari, na mbili zikikaa pamoja zinagombania mashine.
- Ingia Settings, System, Storage, kisha Temporary files, ufute takataka. Kuwa makini: kwenye orodha hiyo folda ya Downloads nayo inaweza kuwemo. Usiitie tiki kama una mafaili yako humo.
- Kwenye Chrome ingia Settings, Performance, washa Memory Saver. Inapumzisha kurasa ulizofungua ukaziacha.
- Mara mojamoja tumia Restart badala ya Shut down. Kwenye mashine nyingi, Shut down huhifadhi sehemu ya Windows ili iwake haraka, kwa hiyo uzito wa jana unaweza kurudi nao.

Zile programu zinazojitangaza kuwa "zinaongeza RAM" achana nazo. RAM ni kifaa, haiongezwi kwa kudownload.

3. Joto nalo linapunguza kasi

Ukiiweka laptopu juu ya kitanda au mto, unaziba matundu ya hewa. Prosesa ikipata moto sana hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Iweke mezani, na kama feni inanguruma muda wote, peleka ikasafishwe vumbi.

4. Ukitoa hela, toa hapa

Kama ulikuta HDD, kubadilisha kwenda SSD ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. HDD ina sahani inayozunguka na kichwa kinachotafuta faili huku na huku. SSD haina kinachozunguka, inasoma moja kwa moja. Mashine ileile inaweza kuwaka kwa sekunde badala ya dakika.

Kama RAM ni GB 4 na inajaa kila siku, kupanda hadi GB 8 utaiona tofauti.

Lakini usinunue kifaa kabla laptopu haijafunguliwa. Mashine nyingi za bei ya chini zina RAM iliyochomelewa kwenye mazabodi, na nyingine zina hifadhi ya eMMC ya GB 32 au 64 ambayo nayo imechomelewa. Haibadiliki. Pia RAM ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Mwambie fundi akuonyeshe nafasi iliyopo, ndipo utoe pesa.

Na kabla ya chochote, hamisha picha na nyaraka zako kwenye flashi au diski ya nje. HDD ikianza kugonga "tik tik", usisubiri kesho. Hiyo inaweza kuwa inakufa, na data zako zitakwenda nayo.

5. Kama bado uko Windows 10

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na TPM 2.0, na kwa kiwango hicho cha chini bado itakuwa nzito. Kwa mashine ya zamani, jaribu Linux Mint toleo la Xfce. Ni ya bure, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kuiweka.

Kwa hiyo fuata mpangilio: pima, safisha, ndipo ununue. Ukikuta kila kitu kimechomelewa na ya bure umeshayamaliza, hapo sasa anza kuweka akiba ya laptopu nyingine. Na utakapoenda dukani, swali la kwanza liwe: "Hii ina SSD, na RAM yake inaongezeka?"