Bakuli la Panchi na Deni la Sukari

Majira ya kiangazi yanapowadia Uingereza na Marekani, jamaa na marafiki hukusanyika bustanini, na katikati ya meza huwekwa bakuli kubwa la panchi: maji ya machungwa, nanasi na limau, sukari, vipande vya matunda na barafu. Maji ya soda humiminwa mwisho kabisa, wageni wakiwa wamekwisha kufika, ili viputo visipotee. Hakuna anayekishuku kinywaji hicho. Hata hivyo, bakuli hilo limebeba historia ya biashara, utumwa na harakati za umma ambayo yafaa kusomwa upya.

Panchi ilianza kutajwa katika maandishi ya Waingereza mnamo mwaka 1632, miongoni mwa watumishi wa kampuni yao ya biashara nchini India. Wengi hulihusisha jina lake na neno la Kihindi lenye maana ya tano, kwa kuwa viambato vyake vya kawaida vilikuwa vitano: pombe, sukari, limau, maji na viungo. Katika karne ya 18 pombe hiyo mara nyingi ilikuwa ramu, nayo ramu na sukari vilitoka Barbados, Jamaica na visiwa jirani. Huko, Waafrika waliotekwa na kuuzwa walikata miwa juani, na wakati wa mavuno vinu na matanuri viliendeshwa usiku na mchana.

Viputo vina asili nyingine. Mwaka 1767, mjini Leeds, mchungaji na mwanasayansi Joseph Priestley aliishi jirani na kiwanda cha bia. Aliichunguza hewa ya ukaa iliyotanda juu ya mapipa, akagundua namna ya kuitia katika maji, na mwaka 1772 akachapisha maelekezo yake. Hakujitajirisha kwa ugunduzi huo. Biashara ilifanywa na wengine, akiwamo Johann Jacob Schweppe, aliyeanzia Geneva kabla ya kuhamia London.

Lakini Priestley huyo huyo, mwaka 1788, alihubiri hadharani dhidi ya biashara ya watumwa. Miaka mitatu baadaye, Bunge la Uingereza lilipoukataa muswada wa kuikomesha biashara hiyo, William Fox alichapisha kijitabu kilichowataka raia waache sukari na ramu ya visiwa vile. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: anayenunua bidhaa anashiriki katika dhuluma iliyoizalisha. Thomas Clarkson alikadiria kuwa watu wapatao 300,000 waliitikia. Wanawake, ambao hawakuwa na kura, waligeuza meza ya chai kuwa uwanja wa siasa. Na mwaka 1824 Elizabeth Heyrick wa Leicester aliufufua mgomo huo, akidai utumwa ukomeshwe mara moja wala si hatua kwa hatua.

Hapa mwanaharakati asijidanganye. Mgomo wa walaji peke yake haukuvunja minyororo. Mwezi Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue waliinuka, na uasi wao ukazaa taifa huru la Haiti mwaka 1804. Mwishoni mwa 1831 Samuel Sharpe aliongoza uasi wa Jamaica. Alinyongwa mwaka 1832, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya himaya. Walaji waliitikisa dhamiri ya taifa. Watumwa wenyewe waliufanya utumwa usitawalike.

Na mtumishi wa umma aisome sheria hiyo ya 1833 kwa makini. Ilitenga fidia ya pauni milioni 20, takriban asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka, lakini fedha hizo walilipwa mabwana. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata senti. Wengi walifungwa katika kile kilichoitwa uanagenzi, wakiwatumikia mabwana wale wale bila ujira hadi 1838. Mkopo uliochukuliwa kugharimia fidia hiyo ulimalizwa kulipwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba raia wa Uingereza, wakiwamo wajukuu wa watumwa, waliendelea kuulipa kwa kodi zao hadi juzi.

Nasi wa pwani hii tusijitoe katika habari hiyo. Kando ya mto Pangani, katika karne ya 19, miwa ilikatwa na watumwa, na waliofaidi utamu wake walikuwa majirani zetu.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayejiuliza kama historia ina kazi gani katika bajeti na sera, na aanze na maswali mawili mbele ya bidhaa yoyote: nani aliitolea jasho, na sheria ilipotungwa, nani aliandikiwa malipo? Sheria ya 1833 ilijibu swali la pili waziwazi, na wengi walioishangilia hawakuusoma ukurasa huo.