Fahamu Utando Unaopumua: Kwa Nini Ukiziba Boksi Kabisa Ndio Maji Huingia

Wasee, acha nianze na makosa yangu. Binamu yangu ni mtu wa boda, na taa ya mbele ya nduthi yake ilikuwa inashika ukungu kila asubuhi. Akaniletea kwa keja. "Buda, si wewe ndio hupenda kuchokora vitu? Nizibie hii kitu."

Nikanunua silikoni, nikaziba ukingo wote wa kioo. Kuangalia nyuma nikapata katundu kadogo kenye kifuniko cha raba. Nikasema, aah, kumbe maji hupitia hapa. Nikakapiga silikoni pia. Wiki tatu baadaye mvua ilikuwa imeanza, taa imejaa maji kama bakuli la samaki, balbu imeungua, na jamaa ametoka kazini usiku akimulika barabara na tochi ya simu. Taa mpya ilikula thao mbili na nusu. Nililipa mimi.

Kale katundu ndiko kalikuwa kanaokoa taa. Hii ndiyo story yake, usije ukalipa kama mimi.

Boksi hupumua hata ukilikataza

Chukua kitu chochote kilichofungwa kinachokaa nje: taa, kamera ya CCTV, boksi la nyaya, taa ya sola. Jua la saa saba likiwaka, hewa ya ndani inapata moto na kutanuka. Inatafuta njia ya kutoka, na lazima itapata, kwa sababu hakuna raba wala gundi inayoziba milele. Inapenya polepole kwa kona dhaifu.

Halafu mvua inanyesha ghafla. Boksi lililokuwa na nyuzi 60 linashuka hadi 25. Hewa iliyobaki ndani inajikunja, na presha inashuka kwa karibu asilimia 10. Kwa hewa ya Nairobi, hiyo ni nguvu ya kuvuta maji juu kwa kama sentimita 90. Yaani boksi lako linavuta kama msee mwenye mrija na soda. Likiwa la lita 2, linataka kurudisha kama mililita 200 za hewa. Na kama ile kona dhaifu imefunikwa na maji ya mvua, haitavuta hewa. Itavuta maji.

Kesho yake jua linawaka tena. Maji yanageuka mvuke lakini hayana pa kutokea, kwa hivyo usiku yanarudi kuwa matone kwenye kioo. Mchezo unarudiwa kila siku. Ndio maana ukizidi kuziba, unazidi kufungia maji ndani.

Presha pia hubadilika ukipanda mlima. Ushawahi kubeba pakiti ya krisps kutoka Mombasa ukafika Nairobi imevimba? Hakuna mtu ameijaza upepo. Hewa ya ndani ni ya pwani, ya nje ni ya huku juu ambako presha ni ndogo. Boksi la plastiki lililofungwa pwani linapitia hayo hayo, na raba zake ndizo huumia.

Utando wenyewe ni nini

Suluhisho ni kuliachia boksi pua: tundu dogo lililofunikwa na utando unaopitisha hewa na mvuke lakini unakataa maji. Ukiuona utadhani ni kastika keupe ka duara.

Mara nyingi utando huu hutengenezwa kwa PTFE, jamaa wa karibu wa ile tepu nyeupe fundi wa mabomba huzungushia nyuzi za mfereji, na wa ule mpako mweusi wa pani isiyoshika mayai. Tofauti ni kwamba huu umevutwa mpaka ukawa kama wavu wenye vitundu vingi ajabu. Kitundu kimoja kwa kawaida ni kama mikromita moja au chini, na unywele wako una unene wa kama mikromita 70.

Sasa, si udogo wa kitundu peke yake unaozuia maji. Molekuli ya mvuke ni ndogo kuliko kitundu hicho mara maelfu, kwa hivyo inapita bila shida. Maji ya kawaida nayo hushikana yenyewe kwa yenyewe, na PTFE haishikani nayo. Angalia tone la mvua kwenye jani la nduma: linakaa kama gololi, halilowanishi jani. Juu ya utando ni vivyo hivyo. Tone linakaa mlangoni na kukataa kuingia, mpaka upige kwa presha kubwa.

Ulitoka wapi

PTFE iligunduliwa bila kutarajiwa mwaka wa 1938 na mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont, huko New Jersey, Marekani. Mwaka wa 1969 Bob Gore, ambaye wazazi wake walikuwa na kampuni yao Delaware, alikuwa akipasha moto vijiti vya PTFE na kuvivuta polepole. Vikawa vinakatika tu. Akachoka, akakivuta kimoja kwa nguvu, ghafla. Hakikukatika. Kikarefuka kwa karibu asilimia 800, na sehemu kubwa ya kitu alichobaki nacho mkononi ilikuwa hewa.

Huko ndiko Gore-Tex ilitoka. Ukibahatika kupata jaketi yenye hilo jina Gikomba, jua mara nyingi ndani yake kuna utando wa ukoo huo: jasho linatoka kama mvuke, mvua inabaki nje. Boksi la kamera linataka kitu hicho hicho.

Uko wapi kwa maisha yako

Kwanza, mfukoni. Simu inayovumilia maji ina vitando vidogo kwenye maiki na spika, ndio sauti ipite na maji yabaki nje. Ukiona IP67, namba 6 inamaanisha vumbi haliingii, na 7 inamaanisha kifaa kilipimwa kwa maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Hayo ni maji matulivu na safi. Si bahari ya Diani, si sufuria ya supu.

Pili, barabarani. Taa nyingi za magari zina kiraka cha utando nyuma. Kwa nduthi nyingi ni raba tu iliyokunjwa ikiangalia chini. Hiyo haina utando, lakini inajaribu kufanya kazi ile ile. Mabetri ya magari na pikipiki za umeme pia huhitaji njia ya kusawazisha presha.

Tatu, juu ya mabati na kwa milingoti: kamera, antena za Wi-Fi za nje, taa za sola.

Vitu vinavyouua

Sabuni ni adui namba moja. Sabuni hulegeza ule ushikamano wa maji, tone linaacha kuwa gololi, na maji yanapenya. Mafuta nayo hujipaka kwenye vitundu na kuviziba au kuvilowanisha. Kwa hivyo usioshe simu na sabuni ya vyombo, na usimwage grisi karibu na pua ya taa.

Mashine ya presha pale pa kuoshea magari ni ya pili. Ukielekeza maji moja kwa moja kwenye tundu kwa karibu, unapita kipimo chake. Mwambie kijana wa kuosha apitie mbali.

Tatu ni pini. Watu husukumanga pini ya laini kwenye tundu la maiki wakidhani ni la kutoa laini. Unaweza kutoboa utando, na hapo habari ya IP imekwisha.

Nne ni rangi, stika na, bila shaka, silikoni.

Utajuaje kuna shida

Ukungu mwembamba asubuhi unaopotea taa ikipata moto si ugonjwa. Utando haukatai mvuke, kwa hivyo unyevu huingia na kutoka. Shida ni matone makubwa yanayokaa siku kadhaa, au maji yaliyotulia chini. Hapo aidha pua imeziba au raba imepasuka.

Ukipata hivyo, fungua, kausha vizuri, badilisha raba iliyochoka, kisha safisha pua kwa kitambaa kikavu laini. Utando ukiwa umechanika, tafuta mwingine. Huuzwa kama stika au kama skurubu yenye tundu, na huwekwa ubavuni au ukiangalia chini ili maji yasilale juu yake.

Kutoboa katundu chini ya boksi? Mafundi wengi hufanya hivyo na kwa boksi la nyaya maji yatatoka kweli. Lakini vumbi na siafu pia watapata mlango. Kwa kamera ya bei, usijaribu. Na usitegemee vile vipakiti vya kunyonya unyevu peke yake. Vikijaa, vimejaa.

Taa mpya ya binamu iko na mwaka sasa. Asubuhi inashika ukungu kidogo, akiwasha injini inakauka. Ile raba ya nyuma hakuna mtu ameigusa, na mimi hata silikoni siruhusiwi kuikaribia nayo.