Manjano ya Muhogo

Siku hizi muhogo umeingia sebuleni. Sio ule wa kuchoma wenye pilipili na ndimu. Ni mti wenyewe, ndani ya chungu, vikonyo vyekundu na majani yenye manjano katikati, utadhani kuna mtu aliyapitisha brashi moja moja. Kwenye Instagram utauona umesimama kando ya kochi, umependeza. Mimi ninao mmoja kwenye balkoni hapa Nairobi, na si mti wa jamii ya muhogo, ni muhogo hasa: *Manihot esculenta*, jina lilelile la ule unaokaangwa Mombasa jioni.

Picha yake nilimtumia shangazi yangu kule Mkwiro. Akajibu kwa sauti, bila hata salamu: "Mwanangu, huo una ugonjwa. Ung'oe kabla haujaambukiza mingine."

Nilicheka kwanza. Halafu nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona shangazi alikuwa anatazama historia ambayo mimi sikuiona kwenye picha yangu mwenyewe.

Mkwiro iko ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, mkabala na Shimoni. Hakuna gari, hakuna mto wala kisima cha kujivunia. Kwa muda mrefu maji yamekuwa ya mvua, yakikingwa na kuhifadhiwa. Ardhi ni mwamba wa matumbawe, udongo mfuko hapa, mfuko pale. Familia yetu, kama nyingine, imevuka bahari kwenda kulima bara. Mahali kama hapo mazao mengi hayana subira, lakini muhogo unayo. Hauhitaji udongo mnono, jua kali unalistahimili, na ukikomaa unaweza kuuacha ardhini miezi mingi, ukang'oa wa leo tu. Ghala lake ni shamba lenyewe.

Tunauita chakula cha asili, lakini asili yake ni Amerika Kusini. Wareno waliuleta pwani ya magharibi ya Afrika karne ya 16. Huku kwetu ulifika baadaye sana, karne ya 18, kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi: Réunion, Madagaska, Unguja. Kufikia 1857, Mwingereza Richard Burton alipopita Unguja, ulikuwa tayari chakula cha kawaida cha maskini, na watumwa wa mashamba ya karafuu walikuwa wakiulima kwenye vijishamba vyao ili wajilishe wenyewe. (Mwenye shamba alikula faida ya karafuu, mtumwa akala muhogo aliopanda siku yake ya mapumziko. Hilo ningependa lifundishwe pamoja na zile picha za machweo ya Zanzibar.)

Na safari yote hiyo, muhogo haukusafiri kama mbegu. Ulisafiri kama kijiti. Unakata shina, unachomeka ardhini, linaota. Kwa hiyo karibu kila muhogo unaouona ni kipande cha mwingine, uliokuwa kipande cha mwingine, umepita mkono kwa mkono, jirani kwa jirani, mashua kwa mashua. Anayekupa kijiti anakupa na kila kilichomo ndani yake, virusi pamoja.

Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Otto Warburg, aliandika kuhusu muhogo wa Afrika Mashariki ya Kijerumani uliojikunja majani. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza ya ugonjwa ambao Tanzania wanauita batobato: jani linapata mabaka ya manjano, linapinda, linadumaa, na mizizi chini inakuwa midogo. Huenezwa na vijiti, na pia na inzi weupe, vijidudu vidogo mno ambavyo havitambui mpaka wa Vanga wala mkondo wa Shimoni. Uganda iliona ukali wake kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, pale mashamba yalipokwisha na watu wakashinda njaa. Kwa macho ya shangazi, manjano kwenye jani la muhogo hayajawahi kuwa rangi.

Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu una adabu. Mtaalamu H. H. Storey aliuelezea mwaka 1936, akiwa Amani, milima ya Usambara, sio mbali sana na huku kwetu kusini mwa Kwale. Ni michirizi kahawia. Mti unaweza kusimama vizuri tu, majani mengi, wewe umetulia, kumbe chini mizizi imeshaoza, kahawia na ngumu kama gome. Unajua siku ya kung'oa. Kwa miaka mingi ulikaa maeneo ya chini kama pwani yetu. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, na ukaendelea kupanda bara.

Hapo Amani ndipo penye sehemu ninayoipenda. Wajerumani walikuwa wamejaza koloni lao mti wa mpira kutoka Brazili, *Manihot glaziovii*, ndugu wa muhogo. Bei ya mpira ikaanguka 1913, mashamba yakawa hasara. Storey na wenzake wakauchukua mti huohuo uliofeli, wakauzalisha na muhogo ili wapate kinga, kisha wakarudisha watoto kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi ikalika. Mradi ulifungwa 1957. Mbegu moja iliyoandikwa 46106/27 ilibaki mikononi mwa wakulima: pwani ya Kenya wakaiita Kaleso, kusini mwa Tanzania Namikonga. Ofisi ilishafunga, wakulima wakaendelea kupeana vijiti.

Turudi kwa chungu changu. Manjano yake sio ugonjwa. Yanarudia mchoro uleule kila jani, na jani limenyooka; la batobato hupinda na kila moja lina mabaka yake. Nilimweleza shangazi hivyo, akakubali nusu. Binti yake, anayepikia wageni wanaokuja kuona pomboo, akataka nimletee kijiti akipande mlangoni, kinapendeza kwa picha. Nikakataa, na tukanuniana wiki nzima. Mti usio na michirizi machoni si lazima uwe hauna michirizi, na mimi sijui kijiti changu kilitoka kwa nani kabla ya muuza miche.

Shangazi ana kipimo chake: hakuna shina analoweka la kupanda kabla hajang'oa mti na kukata mizizi yake vipande. Ukiona kahawia, shina linachomwa moto, hata liwe zuri vipi.

Kwa hiyo wangu umebaki Nairobi. Naupa jua lote la balkoni, maji udongo unapokauka tu, na mwezi wa Julai baridi ikiuma unapukutisha majani, namwacha hivyo hivyo. Juzi shangazi alipiga simu kuuliza kama kisamvu chake kinalika.

Nikamwambia ni muhogo uleule, ukitwanga na kuchemsha vizuri. Ila kwa sasa una majani sita.