Mwalimu wa Uwanjani: Amos Alonzo Stagg

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Amos Alonzo Stagg aliucheza mchezo wake kwao miaka 40, kisha akatunzwa ugenini.

Alizaliwa mwaka 1862 huko West Orange, New Jersey, nchini Marekani. Aliingia Yale kwa nia ya kuwa mhubiri, walakini ulimi wake ulikuwa mzito mbele ya watu. Akaona kuwa adili laweza kufunzwa uwanjani kama lifunzwavyo mimbarini, naye akachagua uwanja.

William Rainey Harper, aliyemsomesha Biblia pale Yale, alipokuwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago alimwita. Stagg alianza kazi mwaka 1892, si kama kibarua wa msimu, bali kwa cheo cha profesa mshiriki. Jambo hilo lilikuwa geni. Mpira wa Kimarekani, mchezo wa kubeba mpira na kuangushana, ulikuwa bado mikononi mwa wanafunzi na wahitimu wao. Sasa mwalimu wake aliketi baraza moja na wanazuoni.

Heshima hiyo ilizaa matunda. Mwezi wa Novemba 1905 Chicago iliishinda Michigan 2–0, na Michigan ilikuwa haijashindwa katika michezo 56 mfululizo. Watu walifurika, fedha za viingilio zikaongezeka, na jina la chuo likavuma. Lakini ndani ya uvumi huo mlijificha swali zito: je, chuo kikuu kijulikane kwa elimu yake au kwa mpira wake?

Robert Maynard Hutchins, aliyeshika urais mwaka 1929, hakuwa na shaka juu ya jibu. Stagg alipotimiza miaka 70, mwaka 1932, alistaafishwa. Alikataa kupewa kazi nyingine chuoni, akahamia College of the Pacific, California. Huko, mwaka 1943, akiwa na miaka 81, walimu wenziwe walimchagua kuwa mwalimu bora wa mwaka.

Chicago nayo iliporomoka. Mwaka 1939 Michigan iliifunga 85–0, na mwaka huo huo chuo kikaufuta mchezo. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa la uwanja ulioitwa kwa jina la Stagg, Enrico Fermi na wenziwe waliifungulia dunia mlango wa nguvu za atomu. Leo hapo pamesimama maktaba.

Hapana shaka Hutchins alikuwa na haki ya kuilinda elimu. Lakini Stagg hakuuona uwanja kuwa adui wa darasa. Aliuona kuwa darasa. Kilichomponza ni ushindi wake mwenyewe, ulioligeuza darasa kuwa soko.

Alifariki mwaka 1965 huko Stockton, akiwa na miaka 102. Mwaka 1969 Chicago iliurudisha mchezo kwa kadiri ndogo, bila makelele ya zamani: wanafunzi wakicheza, na masomo yakitangulia. Pengine hivyo ndivyo alivyoutaka yule kijana aliyeshindwa kuhubiri.