Tchegera: kisiwa cha volkano katika Ziwa Kivu

Tchegera ni kisiwa kidogo karibu na Goma, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Kina umbo la mwezi mchanga, kwa sababu ni ukingo wa shimo la volkano ya zamani. Upande mwingine umezama majini. Kiko na majani mabichi, na usiku mbingu ikiwa safi unaweza kuona wekundu wa Nyiragongo, ile iliyolipuka 2002 na 2021.

Siye wa Fizi tumezoea kuuliza kwanza habari za mamba na viboko. Ziwa Kivu haina. Hatari yake ni ingine: mazuku, hewa nzito inayotoka ardhini na kujikusanya kwenye mabonde, zaidi asubuhi kama hakuna upepo. Haionekani, na inaua mbuzi na watu. Kwa hiyo usilale wala kupumzika mahali pa chini kando ya ziwa bila kuuliza wenyeji.

Njia ya kawaida kutoka Lubondja ni kushuka Baraka, kupita Uvira hadi Bukavu, kisha masua mpaka Goma. Lakini tangu mwanzo wa 2025 M23 imeshika Goma na Bukavu. Kwa maoni yetu, matembezi yangoje kwanza.

Mwenye lazima ya kupanda boti akumbuke ile iliyotoka Minova Oktoba 2024: ilijaa kupita kiasi, ikazama karibu na bandari ya Kituku, makumi ya watu wakafa. Ukiona imejaa, au hupewi jile, shuka.